Unga wa Kopo na Ng'ombe Mwenye Kiu

Neno limeingia katika milima yetu ya Usambara, nalo lapita vinywani mwa wafugaji kana kwamba lilikuwapo tangu siku za Kimweri. Neno hilo ni virutubisho. Mtu akikutana na mwenzake katika njia ya Mtae na Mlalo, akamwuliza habari za ng'ombe wake, hujibiwa, "Maziwa yamepungua, natafuta virutubisho." Hasemi kwamba atafuta majani, wala kwamba atafuta maji. Atafuta unga wa kuchanganya na pumba, uliotiwa katika kopo au mfuko wenye picha ya ng'ombe mnene, aliyesimama katika nyasi zisizoota huku kwetu. Naye muuzaji humwambia kwamba unga huo huongeza maziwa, huleta joto kwa wakati wake, hunenepesha, hung'arisha manyoya, huondoa minyoo, na kukinga maradhi.

Twataka kusema tangu mwanzo neno tulilo nalo, ili mtu asitudhanie vingine. Hatupigani na elimu. Hatusemi kwamba kila unga ni uongo, wala kwamba kila muuzaji ni mdanganyifu. Tunalolipinga ni desturi hii mpya ya kuanza mwisho na kumaliza mwanzo: kumnunulia ng'ombe kopo kabla ya kumpa maji, na kumtafutia vitamini kabla ya kumshibisha. Desturi hiyo yatuibia fedha, yawachosha wake zetu, yawaumiza wanyama, na katika jambo moja ambalo tutalieleza, yahatarisha uhai wa watoto wetu.

Kwanza tuwape haki yao wale wasemao kwamba mnyama aweza kuwa na njaa iliyofichika ndani ya tumbo lililojaa. Wasema kweli, na ushahidi upo. Katika Afrika Kusini palikuwa na ugonjwa ulioitwa lamsiekte. Ng'ombe walitafuna mifupa ya mizoga porini, kisha wakapooza miguu, wakalala chini, wakafa. Daktari Arnold Theiler na wenzake waliuchunguza ugonjwa huo hata wakaijua asili yake katika miaka ya baada ya 1919. Udongo wa nchi ile ulikuwa na upungufu wa fosforasi, na kwa hiyo nyasi zake nazo zilipungukiwa. Ng'ombe walitafuna mifupa kwa hamu ya kitu kile walichokosa, na katika mifupa iliyooza mlikuwa na sumu ya vijidudu, ndiyo iliyowaua. Walipopewa unga wa mifupa iliyosafishwa, waliacha mizoga, wakanenepa, na maziwa yakaongezeka.

Tena tusiende mbali. Katika nchi jirani ya Kenya, upande wa Nakuru, walowezi waliona ng'ombe wao wakikonda na kudhoofika katikati ya nyasi tele, hata ugonjwa ukapewa jina la mji ule. Baadaye ilijulikana kwamba kilichokosekana ni kobalti, madini ambayo ng'ombe huyahitaji kwa kiasi kidogo mno, kidogo kuliko punje ya chumvi. Wataalamu wa Australia walikuwa wameigundua siri ya kobalti mwaka 1935 katika kondoo na ng'ombe wa kwao. Vijidudu vilivyo katika tumbo kubwa la ng'ombe huitumia kobalti kutengeneza vitamini iitwayo B12, na mnyama akiikosa hupoteza hamu ya kula, akafa kwa njaa mbele ya hori lililojaa.

Basi asituambie mtu kwamba babu zetu hawakuwa na virutubisho na ng'ombe wao waliishi. Ng'ombe wa babu alizunguka. Aliteremka bondeni, akapanda mgongo wa mlima, akalamba udongo wenye chumvi, akachuma majani ya miti kumi na ya magugu ishirini, akajichagulia mwenyewe. Wambugu, ambao tangu kale ni wafugaji wa milima hii, walijua sana kuwahamisha ng'ombe wao kutoka malisho haya kwenda yale. Leo mashamba yamebana, misitu imewekewa mipaka, na tangu miaka ya 1980, mradi wa SECAP ulipotufundisha kuhifadhi udongo wa Lushoto, wengi wetu tumewafunga ng'ombe bandani. Jambo hilo ni jema kwa mlima. Lakini ng'ombe aliyefungwa hawezi kujitafutia dawa. Hula tu kile aletewacho. Tukimletea mabua matupu mwaka mzima, tumemfunga gerezani pamoja na upungufu wake. Tena ng'ombe huyu si yule wa babu. Ni chotara wa kizungu, na mwili wake umeumbwa kutoa maziwa mengi, hata kama kwa kuyatoa hula mifupa yake mwenyewe.

Kwa hiyo twakubali: upungufu upo, na madini yafaa. Lakini na msomaji atazame vizuri jambo lililofanyika Afrika Kusini na Nakuru. Wale wataalamu hawakuanza kwa kuuza kopo. Walianza kwa kuuliza, "Mnyama huyu amekosa nini?" Walipima udongo, wakapima nyasi, wakawapa wanyama wengine na kuwanyima wengine, wakaandika tofauti. Walipojua kilichokosekana, walikitoa hicho, wala hawakutoa vitu ishirini kwa kubahatisha. Muuzaji wa kopo hamwulizi mfugaji hata swali moja. Hajui kama ng'ombe ana mimba au anakamuliwa, kama anakula majani mabichi au mabua, kama anakunywa mara moja au mara tatu. Ana jibu moja kwa maswali yote. Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nasi twaongeza kwamba dawa ya kila ugonjwa mara nyingi si dawa ya ugonjwa wo wote.

Sasa tufanye hesabu, maana walimu hawapendi ubishi usio na hesabu. Tumchukue ng'ombe wa kilo 400 anayetoa lita kumi za maziwa kwa siku. Ng'ombe huyo yampasa kula kiasi cha kilo 12 za chakula kikavu. Majani mabichi, kama majani ya tembo au guatemala, ni maji kwa sehemu kubwa. Katika kilo tano, kikavu ni kama kilo moja tu. Basi, akilishwa majani matupu, ahitaji kiasi cha kilo 60 kwa siku. Hayo ni mizigo miwili mizito au mitatu ya kichwani. Je, ni wangapi katika vijiji vyetu wamtoleao ng'ombe mizigo mitatu kila siku, kiangazi na masika? Wengi humpa mmoja, wakaongeza na mabua. Ng'ombe huyu hana upungufu wa kirutubisho kilichofichika. Ana njaa, njaa ile ile ijulikanayo na kila mtoto. Na gramu 50 za unga kutoka kopo, hata ukiwa unga wa dhahabu, haziwezi kuziba mahali pa kilo 30 za majani.

Tuendelee na maji. Maziwa, tukiyapima, katika kila sehemu mia, sehemu 87 ni maji. Ng'ombe hawezi kuyatoa maji hayo hewani. Wataalamu huhesabu kwamba kwa kila lita ya maziwa ng'ombe ahitaji lita tatu hadi tano za maji, pamoja na yale ya mwili wake mwenyewe. Ng'ombe wetu wa lita kumi, akila chakula kikavu, ahitaji madebe mawili na nusu, au matatu. Nasi tukaao Mtae tumejenga juu ya mgongo wa mlima, tukiitazama tambarare ya Mkomazi kama watu walioketi juu ya paa. Maji wengi wetu twayafuata chini. Maziwa yetu mengi hupotea katika kilima kile kati ya chemchemi na banda. Ng'ombe apewaye debe moja hawezi kutoa maziwa ya madebe matatu. Mpe unga wa nchi yo yote, uchanganye na asali. Atautazama, kisha atalitazama debe tupu.

Hapa twafika penye neno ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda. Katika nyumba nyingi, anunuaye kopo ni mume, na achotaye maji ni mke. Akatae majani ni mke, na abebaye ni mke au binti aliyepaswa kuwa darasani. Maziwa yakipungua, mume hufikiri, asiseme, "Nitachukua debe nikamsaidie mwenzangu," bali husema, "Nitanunua virutubisho." Kopo halimwumi shingo. Laweza kuletwa mfukoni, na kuleta kopo ni maendeleo, na kubeba maji ni kazi ya wanawake. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi! Sisi twasema wazi: sehemu kubwa ya fedha zinazokwenda katika makopo ni fedha ambazo wanaume huzilipa ili wasibebe maji. Nazo ni fedha za maharage na kabichi ambazo mwanamke huyo huyo alizilima. Kwa fedha za makopo ya mwaka mmoja, mtu angeweza kununua pipa la kuvunia maji ya mvua kutoka bati la nyumba yake, na pipa hilo lingefanya kazi kila msimu bila kwisha.

Tuseme juu ya vitamini nazo, maana ndizo zisifiwazo kuliko vitu vyote. Ng'ombe si kuku, wala si mtu. Tumbo lake la kwanza ni kama pipa kubwa lenye vijidudu visivyohesabika, navyo humtengenezea vitamini za jamii ya B kutoka katika majani. Vitamini A huipata katika majani mabichi; ile iitwayo C mwili wake wajifanyizia; na ile iitwayo D huipata juani. Basi mtu amfungaye ng'ombe wake katika banda la giza lisilopitisha jua, akamnunulia vitamini D ya kopo, anafanana na mtu azibaye dirisha kisha akanunua taa ya kuwasha mchana. Toboa banda lako upande wa mashariki, ndugu. Jua la Usambara halina bei. Ng'ombe mgonjwa, au aliyeishi miezi mingi kwa mabua makavu, aweza kuwa na haja ya kweli ya vitamini, na daktari wa mifugo atasema hivyo. Lakini huyo ni mgonjwa, na mgonjwa ana daktari.

Kuna na unga wa hamira, na unga wa vijidudu vyema, na unga wa vitunguu saumu na viungo vingine, ambao leo husifiwa kwamba hutengeneza tumbo la ng'ombe. Hatuukatai. Katika nchi ambazo ng'ombe hulishwa nafaka nyingi, tumbo lake huwa chachu, na hamira imeonekana kusaidia. Lakini ng'ombe wa Mtae hana ugonjwa wa kushiba nafaka. Kumpa dawa ya tumbo la tajiri ng'ombe alaye mabua ni kumpa mtu mwenye njaa dawa ya kuvimbiwa.

Sasa tuje kwenye jambo tulilosema lahatarisha uhai. Miongoni mwa unga uuzwao kwa jina la virutubisho mwaweza kuwamo unga uliochanganywa na viuavijasumu, yaani dawa zile zile ziuazo vijidudu vya maradhi katika mwili wa mtu. Asili yake ni hii. Mwishoni mwa miaka ya 1940, wataalamu wa Marekani waliona kwamba vifaranga waliopewa mabaki ya dawa iitwayo aureomycin walikua upesi kuliko wenzao. Wafugaji wa nchi nyingi wakaanza kuwalisha wanyama wazima dawa hizo kila siku, kwa kiasi kidogo, ili wanenepe. Ilionekana kuwa bahati kubwa. Lakini kijidudu kionjeshwacho dawa kidogo kidogo hujifunza kuistahimili. Kikikutana na dawa hiyo baadaye katika mwili wa mtoto mwenye homa, hakifi tena. Uingereza iliunda halmashauri ya kulichunguza jambo hilo, nayo ilitoa onyo mwaka 1969. Sweden iliikataza desturi hiyo mwaka 1986. Nchi zote za Umoja wa Ulaya ziliikomesha tangu tarehe 1 Januari 2006. Marekani, iliyoianzisha, iliacha kuruhusu dawa zihitajiwazo na wanadamu zitumike kunenepesha wanyama mwaka 2017. Na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zote ziache.

Basi na tufikiri. Je, yafaa sisi tuikumbatie kama jambo jipya desturi ambayo wenyewe walioianzisha wameitupa? Mwenye duka la pembejeo akitoa mfuko wa viuavijasumu na kumwambia mama mmoja, "Hii ni vitamini, weka kijiko kila asubuhi," amefanya dhambi ya namna mbili: amesema uongo, na ameiharibu dawa ya kijiji kizima. Maziwa ya ng'ombe apewaye dawa hizo huwa na mabaki yake, na ndiyo maana daktari huagiza maziwa yamwagwe kwa siku zilizoandikwa. Mama zetu wana dalili moja ya kuwaonya: maziwa yenye dawa nyingi hukataa kuganda yakawa mtindi, kwa kuwa vijidudu vya kugandisha vimekufa. Lakini maziwa kuganda si ushahidi kwamba ni safi. Mabaki machache yaweza kupita bila kuonekana.

Twajua tutakavyojibiwa. Wa kwanza atasema, "Ninyi walimu mwataka turudi nyuma. Wazungu hulisha ng'ombe wao virutubisho, nao hupata lita thelathini." Twamjibu: Ni kweli, huwapa. Lakini huwapa ng'ombe walioshiba, wenye maji mbele yao usiku na mchana, na chakula chao kimepimwa kwanza ndipo kikaongezwa kilichopungua. Kirutubisho ni kama kifungo cha shati. Chafaa sana kwa mtu mwenye shati. Tena hao Wazungu nao wameadhibiwa kwa pupa. Katika Uingereza waliwalisha ng'ombe, walao nyasi, unga wa nyama na mifupa ya wanyama wenzao ili kuongeza protini. Mwaka 1986 ugonjwa wa ng'ombe wenye wazimu ukatambuliwa, ukaenea kwa njia ya chakula hicho. Mamilioni ya ng'ombe waliangamizwa, na watu pia wakafa. Tuige kupima kwao, tusiige pupa yao.

Wa pili atasema, "Unga huu hukinga maradhi." Twamwuliza, maradhi gani? Ndigana kali huletwa na kupe, nayo hukingwa kwa josho, kwa kunyunyiza dawa, na kwa chanjo iliyotengenezwa Muguga katika Kenya. Sotoka, iliyowamaliza ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na kuziacha koo nzima maskini, ilitangazwa kuwa imekwisha duniani mwaka 2011. Nayo ilimalizwa kwa chanjo, si kwa unga. Ugonjwa wa kiwele hukingwa kwa mikono iliyonawa na banda kavu. Ng'ombe aliyeshiba vizuri huyastahimili maradhi kuliko mwenye njaa, jambo hilo hatulikatai. Lakini mtu aachaye josho kwa sababu amenunua kopo atachuna ngozi.

Wa tatu atasema neno lililo zito zaidi, nasi twalistahi: "Shamba langu ni dogo. Majani mnayosema nitayaotesha wapi?" Ndugu, shamba dogo lina kingo nyingi. Guatemala huota katika kingo za matuta na kuushika udongo. Mlima wetu wapoteza kila masika udongo ambao ungeshikwa na chakula cha ng'ombe. Desmodiamu hutambaa chini ya majani ya tembo bila kudai nafasi yake. Upo na mti wa kaliandra, ambao huistahimili baridi yetu kuliko lusina. Wafugaji wa Embu, katika miteremko ya Mlima Kenya, waliujaribu pamoja na wataalamu katika miaka ya 1990. Ikaonekana kwamba kilo tatu za majani yake mabichi zaweza kushika mahali pa kilo moja ya chakula cha dukani katika kuleta maziwa, na kwamba miti kama 500, iliyopandwa katika ua na kingo, yatosha kumlisha ng'ombe mmoja kwa mwaka. Miti mia tano si msitu. Ni ua wa shamba. Hicho nacho ni kirutubisho, bali hakina picha wala kifuniko. Ayapandaye lusina huko chini penye joto asizidishe theluthi ya chakula, maana ina sumu yake.

Na madini je? Chumvi ya nyumbani, ile yenye madini joto, ndiyo ya kwanza. Gramu 30 hadi 60 kwa siku zamtosha ng'ombe, maadamu ana maji ya kunywa. Ya pili ni mifupa. Katika lita kumi za maziwa ng'ombe hutoa kiasi cha gramu 12 za kalsiamu, iliyo asili ya chokaa, na gramu tisa za fosforasi. Pumba za mahindi zina fosforasi, lakini chokaa zina haba. Chukua mifupa ya mnyama aliyechinjwa akiwa mzima, wala si ya mzoga, maana kimeta hukaa humo. Ichome kwa moto mkali hata iwe myeupe na kuvunjika kwa vidole, kiasi kwamba isibaki nyama wala mafuta. Isage, uichanganye na chumvi sawa kwa sawa, uiweke mahali pasiponyeshewa ili ng'ombe alambe. Aliye na fedha na anunue jiwe la madini lenye maandishi ya yaliyomo, tena lenye kobalti na shaba. Lakini asimwekee kondoo jiwe la ng'ombe, maana shaba imfaayo ng'ombe huweza kumwua kondoo. Wala mtu asichukue magadi au mbolea ya fosforasi ya Minjingu kuwa chumvi ya mifugo, kwa sababu floridi iliyomo huharibu meno na mifupa. Na pumba zenye ukungu asilishwe ng'ombe hata kama ni za bure. Sumu ya ukungu hupita katika maziwa; na mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumu hiyo iliyokuwa katika mahindi.

Basi twadai nini? Twadai mambo matatu.

Kwa wafugaji twadai utaratibu: maji kwanza, majani ya pili, chumvi na madini ya tatu, na kopo la mwisho, tena kwa ushauri wa afisa mifugo au daktari. Afikiaye kopo na afanye walivyofanya wale wa Afrika Kusini. Na achukue daftari la mtoto wake, aandike maziwa ya asubuhi na jioni kwa majuma mawili kabla ya unga, na majuma mawili akiwa na unga, bila kubadili majani wala maji. Kisha na ahesabu: maziwa yaliyoongezeka yamelipa kopo? Mtoto wa darasa la tano aweza kuifanya hesabu hiyo, nasi tu tayari kuwafundisha. Kopo lililo jema halitaogopa daftari.

Kwa wauzaji twadai ukweli. Sheria ya maeneo ya malisho na vyakula vya mifugo imekuwapo tangu mwaka 2010, na madaraka ya dawa za mifugo yapo. Mfuko usioandikwa kilichomo, kiasi chake, na siku ya kwisha usiuzwe. Maandishi yawe ya Kiswahili, maana ng'ombe wa Usambara hawafugwi kwa lugha ya kigeni. Viuavijasumu viwekwe mbali na virutubisho, visitolewe ila kwa mgonjwa aliyeonwa na mtaalamu. Twajua kwamba wauzaji wengi ni watu waaminifu. Basi wao wawe wa kwanza kuunga mkono neno hili, kwa maana mdanganyifu huliharibu jina la wote.

Kwa waume, na tumo sisi wenyewe, twadai debe. Kabla mtu hajafungua mkoba wake dukani, na ateremke chemchemini kwa siku saba, apande na debe begani mara tatu. Huenda ataona upesi haja ya pipa, na bomba, na kukusanyika na jirani zake ili maji yavutwe juu. Na binti yake atawahi darasani. Kitabu cha Mithali chamtambua mwenye haki hata kwa namna amtunzavyo mnyama wake. Hakikutaja kwamba kazi hiyo yaweza kuachiwa mkewe.

Ng'ombe hasemi. Hawezi kutuambia kwamba ana kiu, na kwa kuwa hasemi, sisi twaweza kudhani kwamba lililompata ni jambo la ajabu lililo katika vitabu vya wataalamu. Yawezekana likawa hivyo. Lakini kabla ya kuliendea jambo la ajabu, tutazame ndani ya ndoo yake.